Sayari zimefika 6,000, lakini je, nyota zake zimehesabiwa sawasawa?

MWEZI Septemba mwaka 2025 Shirika la Anga la Marekani (NASA) lilitangaza kuwa idadi ya sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wa jua letu imefikia 6,000. Safari hiyo imechukua miaka 30, tangu Oktoba 1995 pale Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walipotangaza kuwa wamegundua sayari inayoizunguka 51 Pegasi, nyota ya kawaida iliyo mfano wa jua. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Idadi hiyo imeshangiliwa, na ni haki ishangiliwe. Hata hivyo, lipo jambo ambalo ni nadra kupewa nafasi kwenye vichwa vya habari. Karibu kila kipimo tunachosomewa kuhusu sayari hizo, iwe ni ukubwa, uzito, joto, au hata suala la kama zimeumbwa kwa mwamba ama kwa gesi, kimekokotolewa kutokana na vipimo vya nyota zinazozungukwa. Nyota ikikosewa, sayari nayo imekosewa. Na kosa jepesi kuliko yote ni kudhani kuwa nyota ni moja ilhali ni mbili.

Ndiyo maana kwa takriban miaka 20 sasa kumekuwa na kazi ya pembeni, isiyo na mbwembwe, inayofanywa kwa kuzirudia nyota zile zile zilizokwisha kutangazwa kuwa na sayari na kuzipiga picha kali mno, kwa swali moja tu: je, kuna nyota nyingine imejibanza hapo kando? Kwa maoni ya mwandishi wa uchambuzi huu, kazi hiyo imebadilisha uelewa wetu wa sayari za mbali kuliko ugunduzi mwingi uliopigiwa tarumbeta.

Kivuli kinavyodanganya

Sayari nyingi miongoni mwa hizo 6,000 hazijaonwa na mtu yeyote. Kinachoonekana ni mwanga wa nyota kupungua kidogo kila sayari inapopita mbele yake, mfano wa nzi anayekatiza mbele ya taa. Sayari kubwa huziba mwanga mwingi, ndogo huziba kidogo. Ukijua ukubwa wa nyota na kiasi cha mwanga kilichozibwa, unapata ukubwa wa sayari.

Sasa tuchukulie kuwa penye taa hiyo moja pana taa mbili zenye nguvu sawa, na macho yako hayawezi kuzitenganisha. Nzi anapita mbele ya moja. Unachokipima ni asilimia 1 ya mwanga wote, lakini taa aliyoipitia imepoteza asilimia 2 ya mwanga wake. Utasema nzi ni mdogo kuliko alivyo. Kwa hesabu za sayari, kipenyo halisi kitakuwa kikubwa kwa mara 1.4 ya kile ulichotangaza, na ujazo utakuwa karibu mara 2.8. Msongamano, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo, utashuka hadi kama theluthi moja. Sayari uliyodhani ina kipenyo mara 1.3 ya dunia yetu, na kwa hiyo pengine ni ya mwamba, inageuka kuwa ya mara 1.8, ukubwa ambao kwa kawaida huambatana na tabaka nene la gesi. Na iwapo sayari inaizunguka ile nyota hafifu kati ya hizo mbili, mambo yanaharibika zaidi.

Mwaka 2015 David Ciardi na wenzake walikokotoa kuwa, bila kufanya uchunguzi wa ziada, vipenyo vya sayari zilizotazamwa na darubini ya Kepler vingekuwa vimepunjwa kwa wastani wa mara 1.5. Kwa kutumia picha kali na vipimo vya mwendo wa nyota, kosa hilo linashuka hadi mara 1.2.

Msomaji anaweza kuuliza kama nyota pacha ni jambo la kawaida kiasi hicho. Ni la kawaida mno. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 na Deepak Raghavan na wenzake, wa nyota 454 zinazofanana na jua zilizo jirani nasi, ulionyesha kuwa asilimia 44 zina mwenza mmoja au zaidi. Mfano ulio karibu kuliko yote unaonekana vizuri kutoka pwani ya Afrika Mashariki katika usiku wa Mei na Juni upande wa kusini. Nyota angavu ya Alpha Centauri, ambayo kwa macho ni nukta moja tu, ni nyota mbili zinazozungukana kwa muda wa miaka 80 hivi. Padri Mfaransa Jean Richaud alizitenganisha kwa darubini mwaka 1689 akiwa Pondicherry, India. Ya tatu, Proxima, ipo mbali nazo kidogo na ni hafifu kiasi cha kutoonekana bila chombo, nayo iligundulika kuwa na sayari yake mwaka 2016.

Almasi zilizoyeyuka

Mkasa wa nyota iitwayo WASP-12 unafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwani umebeba karibu kila kitu kinachohusika hapa.

Nyota hiyo ipo katika kundinyota la Auriga. Sayari yake, WASP-12b, ilitangazwa mwaka 2008 na mara moja ikawa kivutio. Kipenyo chake kinakaribia mara mbili ya kile cha Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote katika mfumo wetu. Inaizunguka nyota yake kwa saa 26 tu, na joto lake linapita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Ukaribu huo umeivuta sayari hiyo hadi umbo lake likafanana na yai.

Desemba 2010, jarida la Nature lilitoa utafiti wa Nikku Madhusudhan na wenzake uliosema kuwa anga ya WASP-12b ina kaboni nyingi kuliko oksijeni, kinyume cha jua letu. Ungekuwa ugunduzi wa kwanza wa aina hiyo. Sayari ya mwamba iliyoumbwa katika mazingira kama hayo, ilielezwa, ingeweza kuwa na miamba ya grafaiti na almasi badala ya mchanga na mawe tuliyoyazoea. Haikuchukua siku mbili vyombo vya habari vya dunia vikawa vinazungumzia almasi. (Wachimbaji wa Mwadui hawakuwa na sababu ya kuhofia bei.)

Wakati huo huo, kikundi cha wanafalaki wa Taasisi ya Max Planck ya Heidelberg, Ujerumani, kilikuwa kikizipitia nyota za aina hiyo moja baada ya nyingine kwa kamera iitwayo AstraLux. Carolina Bergfors na wenzake walikuta karibu na WASP-12 nukta hafifu nyekundu, umbali wa sekunde moja ya tao. Kipimo hicho ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja. Ni sawa na kuitazama sarafu yenye upana wa sentimeta 2.4 ikiwa umbali wa kilomita 5.

Nukta hiyo ilikuwa hafifu sana katika mwanga wa kawaida. Lakini nyota nyekundu na baridi hutoa sehemu kubwa ya nguvu zake katika mwanga wa joto usioonekana kwa macho, na mwanga huo ndio uliotumika kupima hewa ya WASP-12b. Hivyo kila kipimo kilikuwa kimechanganyika na mwanga wa jirani, tena kwa viwango tofauti katika kila rangi. Ilikuwa kama kuonja chumvi ya mchuzi huku mtu mwingine akiongeza maji chunguni kila unapogeuka.

Mwaka 2012 Ian Crossfield na wenzake waliuondoa mwanga wa jirani katika hesabu, wakaongeza vipimo vyao vipya, na dalili za kaboni zikanyauka. Takwimu zilielezeka vyema kwa mwili wa moto usio na alama yoyote ya pekee. Mwaka 2014 Eric Bechter na wenzake, kwa kutumia darubini kubwa ya Keck huko Hawaii, walionyesha kuwa jirani huyo mwenyewe si mmoja: ni nyota mbili ndogo nyekundu zinazozungukana. Kwa hiyo WASP-12 ni nyota tatu. Na mwaka 2015 Laura Kreidberg na wenzake, wakitumia darubini ya Hubble, walikuta mvuke wa maji katika hewa ya sayari hiyo, jambo lililoufunga mlango wa kaboni kwa uzito mkubwa wa ushahidi.

Habari ya almasi ilizunguka dunia. Ya nyota mbili nyekundu iliishia kwenye majarida ya wataalamu.

Bahati kwa kukokotoa

Kwa nini nyota hizo hazikuonekana tangu mwanzo? Jawabu ni hewa tunayoivuta. Mwanga wa nyota husafiri mamia ya miaka ukiwa umenyooka, kisha katika kilomita chache za mwisho hukutana na mafundo ya hewa ya joto na ya baridi yanayoupindisha huku na huko. Mtoto huimba kuwa nyota inametameta. Mwanafalaki huona nukta mbili zikivurugika kuwa doa moja. Hata juu ya mlima mzuri, doa hilo huwa na upana wa karibu sekunde moja ya tao, darubini iwe kubwa namna gani.

Kuna njia tatu za kuikwepa hewa bila kurusha darubini angani. Ya kwanza ni kioo kinachojikunja mamia ya mara kwa sekunde ili kusahihisha mpindo, wazo lililotolewa na Horace Babcock mwaka 1953. Ya pili ilitoka kwa Mfaransa Antoine Labeyrie mwaka 1970, aliyeona kuwa picha ya muda mfupi sana ya nyota ni kundi la madoa madogo, na kuwa ndani ya mpangilio wa madoa hayo umehifadhiwa ukweli wote kuhusu nyota, ukijua hesabu ya kuufukua.

Ya tatu ndiyo ya AstraLux, nayo kwa jina hasa ni njia ya bahati. Kamera hupiga makumi ya maelfu ya picha, kila moja ikidumu sehemu chache tu za mia za sekunde. Nyingi ni mbovu. Lakini mara moja moja hewa hutulia kwa kufumba na kufumbua, na picha hutoka safi. Kompyuta huchagua zile bora, asilimia 1 hadi 10, huzipanga juu ya nyingine na kuzijumlisha, na zilizobaki hutupwa. Ni hesabu ya mvuvi aliye tayari kurudisha baharini ndoo nzima ili abaki na samaki wawili.

Jambo la kufurahisha ni kuwa njia hii haipendi darubini kubwa. Mwaka 1978 Mmarekani David Fried alikokotoa uwezekano wa kupata picha safi. Kipenyo cha kioo kikiwa mara 7 ya ukubwa wa mafundo ya hewa, picha moja katika kila 350 hivi itakuwa nzuri. Kikifika mara 10, ni moja katika milioni. Darubini ya Calar Alto, Hispania, ambako AstraLux ilianza kazi mwaka 2006, ina kioo cha mita 2.2, ambacho kwa viwango vya leo ni kidogo. Kwa mwanga wenye kuelekea wekundu, ukubwa huo ulikuwa mwafaka kabisa. Kamera ilipatikana kwa gharama ndogo ukilinganisha na vioo vinavyojikunja, na darubini ambayo wengi wangeiona imepitwa na wakati ikapata kazi ambayo zile kubwa zisingeweza kuifanya kwa njia hiyo.

Matunda ya kwanza yalichapishwa mwaka 2009 na Sebastian Daemgen na wenzake. Walitazama nyota 14 zenye sayari zinazopita mbele yake, na tatu kati yake, WASP-2, TrES-2 na TrES-4, zilikuwa na jirani. Inafaa kusema kwa haki kuwa marekebisho ya vipimo vya sayari hizo yalikuwa madogo, asilimia chache tu, kwa kuwa majirani wenyewe ni hafifu. Anayetangaza kuwa sayari zote 6,000 zina kasoro anatia chumvi. Sayari kubwa za gesi huvumilia kosa dogo. Zisizovumilia ni zile ndogo, ambazo ndizo zinazotafutwa na wote wanaouliza kama kuna dunia nyingine.

Mwaka mmoja, jua tofauti

Darubini ya Kepler, iliyorushwa Machi 2009 na kustaafishwa Oktoba 2018, ilikesha ikitazama nyota zaidi ya 150,000 kwa mpigo. Ili kufanya hivyo, kila pikseli ya kamera yake ilimeza eneo la sekunde 4 za tao. Chochote kilichomo humo kilihesabiwa kuwa nyota moja. Ilibidi darubini za duniani zifuate nyuma. Pale Palomar, California, chombo kiitwacho Robo-AO kilifungwa kwenye darubini ya mita 1.5 na kuachwa kifanye kazi chenyewe, usiku kucha, kikihama kutoka nyota hadi nyota bila mtu kushika usukani.

Matokeo ya vikundi mbalimbali yalikusanywa na Elise Furlan na wenzake mwaka 2017. Kati ya nyota 3,557 zilizopigwa picha, karibu asilimia 30 zilikuwa na jirani ndani ya sekunde 4 za tao, na karibu asilimia 10 ndani ya sekunde moja.

Miongoni mwa zilizofichuka ni Kepler-132. Nyota hii ilionekana kuwa na sayari zilizopangana vizuri, isipokuwa mbili kati yake zilikuwa na miaka ya siku 6.18 na siku 6.41. Njia zilizokaribiana hivyo haziwezi kudumu, kwani sayari zingevutana hadi moja igongane na nyingine au itupwe nje. Picha kali ilionyesha nyota mbili zinazolingana, umbali wa chini kidogo ya sekunde moja ya tao. Fumbo likafumbuka: kila moja ya sayari hizo mbili ina jua lake.

Bila shaka si kila jirani ni mwenza. Nyota ya mbali sana inaweza kujipanga nyuma ya nyingine kwa ajali tu, kama mnazi wa kisiwa cha ng'ambo unavyoonekana kuota juu ya mlingoti wa jahazi lililo karibu. Dawa yake ni kurudia picha baada ya miaka. Nyota zote husogea angani polepole. Zikisogea pamoja, ni wenza. Moja ikiachwa nyuma, ilikuwa mpita njia. Darubini ya Gaia ya Ulaya, iliyofanya kazi hadi mapema mwaka 2025, imerahisisha sana hukumu hiyo kwa nyota zilizoachana vya kutosha. Zilizosongamana chini ya sekunde moja ya tao zimebaki kuwa kazi ya kamera za duniani.

Mwenza anayebomoa

Kuna swali kubwa zaidi ya vipimo. Je, nyota yenye mwenza wa karibu inaweza kulea sayari? Sayari huumbika katika sahani ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa. Mvuto wa nyota ya pili huikata sahani hiyo na kuikoroga.

Adam Kraus na wenzake walitumia Keck kuzipiga picha nyota 382 zenye sayari za Kepler, na mwaka 2016 wakatoa jawabu. Pale ambapo wenza wawili wametengana kwa chini ya mara 47 ya umbali wa dunia na jua, sayari hupatikana kwa kiasi cha theluthi moja tu ya kawaida. Kwa hesabu yao, moja ya tano ya nyota zinazofanana na jua zimenyimwa sayari kwa sababu ya mwenza. Tunapoambiwa mabilioni ya sayari yamo katika Njia Nyeupe, punguzo hilo lazima liwemo.

Lakini Gamma Cephei inakataa kutii. Sayari yake ilianza kushukiwa mwaka 1988 na kuthibitishwa mwaka 2003, ilhali mwenza wa nyota hiyo yupo umbali wa kama mara 20 tu ya ule wa dunia na jua. Mwenza huyo alipigwa picha na kutangazwa mwaka 2007 na Ralph Neuhäuser na wenzake kwa darubini ya Subaru. Namna sayari kubwa ilivyoumbika katika nafasi finyu kiasi hicho bado ni ubishi.

Upo pia uwezekano kuwa sayari ndogo zimo na hatuzioni. Mwaka 2021 kikundi kilichoongozwa na Kathryn Lester wa NASA kilitumia kamera mbili za darubini za Gemini, 'Alopeke ya Hawaii na Zorro ya Chile (majina yote mawili yana maana ya mbweha), kuchunguza mamia ya nyota zilizoonyeshwa na darubini ya TESS kuwa huenda zina sayari. Nyota 73 kati ya hizo zilikuwa pacha. Kwenye nyota pweke zilikutwa sayari kubwa na ndogo. Kwenye pacha, kubwa tu. Kivuli cha sayari yenye ukubwa wa dunia huzama katika mwanga wa nyota ya pili. Hivyo jirani huyo huyo anatufanya tuzipunje sayari tulizoziona na tuzikose kabisa nyingine, na anayetaka kujua idadi ya dunia zilizopo hawezi kusahihisha kosa moja na kuliacha la pili.

Nyota zilizopewa majina ya Afrika Mashariki nazo zimo katika orodha hii ya sayari. Mwaka 2019 Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki ulizipa nchi fursa ya kuita majina, na WASP-71 ikaitwa na Tanzania Mpingo, sayari yake ikawa Tanzanite. Kenya iliiita HD 83443 Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kiluo yahusuyo kimbunga cha vumbi. Mpingo ilitokana na mradi ule ule wa WASP uliotumia lenzi za kamera za kawaida, milimita 200, huko La Palma na Sutherland nchini Afrika Kusini, ambapo pikseli moja ilifunika karibu sekunde 14 za tao.

Gharama ya kukosea imepanda tangu darubini ya James Webb iliporushwa Desemba 2021. Muda wake unagombewa na wataalamu wa dunia nzima, na kuutumia kunusa hewa ya sayari ambayo nyota yake haijakaguliwa ni ufujaji. Usiku mmoja wa darubini ya mita 2 hugharimu sehemu ndogo sana ya hapo. Hata hivyo darubini za kiasi hicho ndizo zinazofungwa kwanza bajeti zikipungua, kwa sababu hazina ugunduzi wa kwanza wa kuringia. Kazi yao ni kukagua ugunduzi wa wengine.

Foleni, kwa upande mwingine, inarefuka. TESS imekwisha kutoa zaidi ya nyota 7,000 zinazoshukiwa kuwa na sayari, na pikseli yake ni ya sekunde 21 za tao. Kisha kuna mradi wa PLATO wa Shirika la Anga la Ulaya, uliobuniwa mahususi kutafuta dunia kama hii yetu kwenye nyota kama jua. Una kamera 26, na pikseli moja hufunika sekunde 15 za tao kila upande. Ndani ya mraba huo, WASP-12 na wenza wake wawili wangepangika mstari mmoja mara 14, na bado chombo kingesoma nyota moja.